Helmet: uanze na Meantime au Betty?

Wengi wetu Afrika Mashariki tumeshawahi kuwasikia Helmet, bendi ya roki nzito ya New York, bila kujua jina lao. Kwenye GTA San Andreas, ule mchezo wa 2004 uliojaza mabanda ya gemu mijini kwetu, ukiingia kwenye gari na kuzungusha redio mpaka Radio X, kuna wimbo mmoja wa gitaa zito linalokatika-katika, na mwimbaji anayeimba kama hana haraka yoyote. Huo ni "Unsung". Ndiyo kibao chao kikubwa kuliko vyote, na kimetoka kwenye albamu ya Meantime ya mwaka 1992. Kwa hiyo mtu akiuliza aanzie wapi, jibu huwa tayari: chukua Meantime. Anaichukua, inamkolea, na safari yake na Helmet inaishia hapo.

Juni 1994, miaka miwili kamili baada ya hiyo, bendi hiyohiyo ilitoa Betty. Hiyo hutajwa kwa nadra, na ikitajwa ni kwa sauti ya kuomba radhi: "ile ya majaribio", "ile yenye jazi ndani". Naziweka hapa ubavu kwa ubavu kwa faida ya mwenye bando la albamu moja wiki hii. Upande wangu nautaja mapema ili usije ukanitafuta: naona Betty ndiyo bora. Ila sitamshauri kila mtu aanze nayo.

Kwanza, watu wenyewe. Page Hamilton, mwimbaji na mpiga gitaa wao, alitokea Oregon akaenda New York kusomea gitaa la jazi, akasoma Manhattan School of Music. Nje ya darasa akaangukia kwa wapenda kelele wa jiji lile: alipiga na Band of Susans, akapiga pia kwenye kikosi cha magitaa cha Glenn Branca, ambako magitaa mengi hupigwa kwa pamoja kwa sauti ya kuumiza. Mwaka 1989 akaunda Helmet na Peter Mengede, Mwaustralia, kwenye gitaa la pili, Henry Bogdan kwenye besi na John Stanier kwenye ngoma. Albamu ya kwanza, Strap It On, ilitoka 1990 chini ya Amphetamine Reptile, lebo ndogo ya Minneapolis. Kisha bendi ya Nirvana ikalipuka mwishoni mwa 1991, kampuni kubwa zikaanza kugombea kila bendi yenye gitaa chafu, na Helmet wakaangukia mikononi mwa Interscope.

Watu wa metali, ule muziki mzito wa gitaa, hawakujua wawaweke wapi. Enzi zile metali ilikuwa na sare yake: nywele mpaka mgongoni, jaketi nyeusi za ngozi, mafuvu. Hawa walipanda jukwaani na nywele fupi, fulana na kaptura, kama vijana waliochelewa kutoka uwanja wa basketi.

Tuanze na Meantime, maana ndiyo iliyoweka kipimo. Walishusha uzi mnene wa gitaa kutoka noti ya E hadi D. Mabadiliko madogo, lakini matokeo yake ni makubwa: kidole kimoja kikilazwa juu ya nyuzi tatu nene kinatoa mlio mzito uliokamilika, kwa hiyo mkono unaweza kuteleza huku na huko kwa kasi bila kupanga vidole upya. Hapo ndipo zinapozaliwa rifu zao, ile mipigo mifupi ya gitaa inayorudiwa mpaka ikuingie mwilini. Lakini sikiliza zaidi vituo. Magitaa mawili, besi na ngoma vinakatika kwa pamoja, panakuwa na kimya cha nusu pumzi, halafu vinaingia tena vyote kwa mpigo mmoja. Bendi ikiteleza hata kidogo hapo inaumbuka, na hawa hawatelezi. Katikati yao yuko Stanier, na snea, ile ngoma ndogo yenye mlio mkali, aliyoikaza mpaka inalia kavu na juu, haina mwangwi, haina mkia. Ukiisikia mara moja utaitambua popote, hata alipokuja kupiga na bendi za Tomahawk na Battles miaka mingi baadaye.

Kazi ya studio nayo ilikuwa ya mafundi. Sehemu kubwa ilirekodiwa na Wharton Tiers, mtu wa New York aliyeijua vizuri kelele ya mji wake. Wimbo wa kwanza, "In the Meantime", ulirekodiwa na Steve Albini, yule aliyefariki Mei 2024, ambaye mwaka uliofuata alirekodi In Utero ya Nirvana. Kuchanganya sauti akapewa Andy Wallace, aliyekwisha kufanya hivyo kwenye Nevermind, albamu ya Nirvana ya 1991. Ndiyo maana Meantime ni nzito lakini haina matope. Kila chombo kimekaa mahali pake na unaweza kukinyooshea kidole.

Ikapata ilichostahili. Iliuza zaidi ya nakala 500,000 Marekani na kupewa cheti cha dhahabu, na "In the Meantime" ikaingia kwenye Grammy za 1993 kama mshindani wa onyesho bora la metali. Tuzo wakaichukua Nine Inch Nails kwa "Wish". Ni nyimbo 10, hazifiki dakika 40, na nusu ya kwanza haina pa kuwekea sindano: "In the Meantime", "Ironhead", "Give It", "Unsung", "Turned Out".

Tatizo lake linaanza baada ya hapo. Nimeisikiliza kwa miaka mingi na bado "He Feels Bad" na "Better" zikinijia kichwani huwa sina uhakika ipi ni ipi. Rangi ni moja. Hamilton anafoka kwa namna ileile, rifu inasimama kwa namna ileile, solo inachubua kwa namna ileile kisha inaondoka. Kwa dakika 20 hilo ni jambo la ajabu. Kwa dakika 35 unaanza kuangalia simu.

Sasa Betty. Kabla ya kuirekodi yalitokea mambo mawili. Mengede aliondoka 1993, nafasi yake akaichukua Rob Echeverria. Na mwaka huohuo Helmet wakaingia studio na wana hip-hop wa House of Pain kurekodi "Just Another Victim" kwa ajili ya filamu ya Judgment Night, ambayo albamu yake ya muziki iliozesha bendi za roki na wana rap, wimbo hadi wimbo. Prodyuza wa kibao hicho alikuwa T-Ray, mtu wa hip-hop. Helmet wakampenda, wakamkabidhi Betty.

Hilo ndilo lililobadilisha ngoma. Kwenye Meantime Stanier anakimbia. Kwenye Betty anatembea kwa mikogo. Weka "Biscuits for Smut" kwenye hedifoni nzuri usikilize jinsi mpigo unavyokaa nyuma kidogo, wa kutikisa kichwa taratibu, huku Hamilton akibana sauti puani kama anamkejeli mtu. Ni wimbo wa gitaa zito ambao DJ wa hip-hop angeweza kuukata na kuurudia. "I Know" imekwenda mbali zaidi: ngoma zimechafuliwa kwa makusudi, zinasikika kama zinatoka kwenye kaseti iliyopigwa jua. Kuna mashabiki wa Meantime waliofika hapo, wimbo wa pili tu, wakazima.

Na walikosea, maana walishaupita "Wilma's Rainbow". Huo ndio wimbo wa kwanza, na mpaka leo kwangu hakuna walichofanya kikaupita. Rifu bado ni nzito, vituo bado vipo. Lakini noti ndani ya gitaa zimebadilika: badala ya ule mlio wa nyuzi tatu uliofungwa, kuna noti za juu zilizoachwa zinaning'inia, zenye utamu uliochanganyika na uchungu. Na juu yake Hamilton anaimba. Hafoki, anaimba, kwa sauti ya kawaida kabisa, ya mtu ambaye hana koo la ajabu lakini ana sikio. Kule kwenye Meantime alifanya hivyo kwenye "Unsung" na mahali pachache pengine. Hapa anafanya nusu ya albamu: "Milquetoast", "Clean", "Speechless".

Huu ndio mwanya mkubwa kati ya albamu hizi mbili. Ile ya kwanza imetengenezwa na mtu anayejua sana muziki lakini ameamua kukuficha. Kwenye ya pili amechoka kuficha.

Ushahidi ni wimbo wa 10, "Beautiful Love". Huu si wao. Ni wimbo wa mwaka 1931 ambao wapiga jazi wameugeuza kuwa uwanja wa mazoezi. Bill Evans, mpiga piano wa jazi, aliurekodi kwenye albamu yake ya Explorations, na mwanafunzi yeyote wa gitaa la jazi lazima akutane nao. Kwenye Betty unaanza na gitaa safi, halina uchafu hata chembe, Hamilton akiutembeza ule wimbo kwa adabu zote za chuo. Kama hukuijua historia yake, unaangalia simu kuhakikisha kama orodha haijahamia kwa msanii mwingine. Halafu, bila kuaga, bendi nzima inauangukia: ngoma zinamwagika, gitaa linapiga mayowe, kelele tupu ya kina Branca. Kisha basi, umekwisha, na "Speechless" inaingia kana kwamba hakuna kilichotokea.

Waandishi kadhaa wa wakati ule waliuchukulia kama mzaha. Mimi nauona kama ufunguo wa mlango. Ukishausikia, rudi kwenye "Wilma's Rainbow" au "Milquetoast" na utaanza kuzisikia zile noti za jazi zilizojificha chini ya uzito. Zilikuwepo muda wote.

"Milquetoast" nayo ina kisa chake. Ulitoka kwanza, ukiwa umeandikwa "Milktoast", kwenye albamu ya filamu ya The Crow ya mwaka 1994, ukatayarishwa na Butch Vig, yule aliyetayarisha Nevermind. Albamu ile ilifika namba moja Marekani. Kwa maana hiyo watu wengi sana walikuwa na kipande cha Betty nyumbani kwao bila kuwa na Betty yenyewe.

Sitaki kukuuzia mbuzi kwenye gunia: Betty ina makosa. Nyimbo ni 14, na zimebanwa kwenye muda unaozidi wa Meantime kwa dakika chache tu, kwa hiyo baadhi ni vipande zaidi kuliko nyimbo. Inafunga kwa "Sam Hell", bluzi ya mashambani yenye mlio wa banjo, ambayo inafurahisha mara mbili za kwanza na baada ya hapo unaizima mapema. "The Silver Hawaiian" nayo wengi hawaielewi. Mimi naitetea kwa sababu ya besi ya Bogdan, inayorukaruka kwa utundu ambao Helmet hawakuwahi kuuruhusu kabla. (Na jina kama lilikuwa utani, utani ukageuka kazi: Bogdan aliishia kupiga gitaa la kulaza la Kihawai kwenye bendi ya Moonlighters.) Ukiniuliza ningefanya nini, ningeitoa "Sam Hell" na kufunga na "Overrated".

Mbona basi ilisahaulika? Si kwamba ilianza vibaya. Kwenye chati ya albamu ya Billboard ilifika namba 45, juu ya Meantime iliyoishia namba 68. Ilichokosa ni "Unsung" yake, wimbo mmoja wa kushika redio na kuivuta albamu nyuma yake kwa mwaka mzima. Na 1994 haukuwa mwaka wa kusubiri mtu. Machi peke yake zilitoka Superunknown ya Soundgarden, The Downward Spiral ya Nine Inch Nails na Far Beyond Driven ya Pantera, ambayo iliingia moja kwa moja namba moja. Kisha Oktoba wakaja Korn na albamu yao ya kwanza. Walikuwa na magitaa ya nyuzi saba yaliyoshuka chini kuliko ya Helmet, ile mikato na vituo ambavyo Hamilton alikuwa ameshavitengenezea njia, na juu yake mwimbaji anayelia hadharani. Vijana wakahamia huko. Helmet, ambao sehemu ya mtindo huo ilitoka kwao, wakaonekana watu wa juzi. Deftones, bendi nyingine ya kizazi hicho, angalau walilipa deni waziwazi: waliurekodi upya "Sinatra" kutoka Strap It On.

Kwa hiyo wewe uchukue ipi?

Kama umetokea upande wa bendi za metali kama Pantera na Sepultura, au unataka kitu cha kukusukuma ukiwa gym au barabarani usiku, usizunguke. Meantime. Haikuombi umakini, inaukamata. Hata kwenye spika mbovu ya simu ule mkato wa snea unapita. Vilevile kama unapiga chombo na unataka kujifunza kubana bendi: chukueni "Ironhead", mjaribu kusimama pale wanaposimama wao. Mtajua hali yenu ndani ya dakika moja.

Kama umekulia kwenye muziki wa dansi, ushauri wangu unageuka, na najua utashangaa. Sikio lililozoea solo na rithim zikijibizana, kila gitaa na njia yake, linachoshwa upesi na Meantime, kwa sababu pale magitaa yote mawili yanapiga kitu kimoja kwa wakati mmoja, na hakuna sebene linalokusubiri mbele. Kwenye Betty kuna nafasi zaidi kati ya vyombo. Besi inatoka mafichoni, gitaa moja wakati mwingine linaachiwa peke yake, ngoma inacheza. Utapata pa kushika.

Hivyohivyo kwa mtu wa hip-hop: Betty, na aanze na "Biscuits for Smut" badala ya wimbo wa kwanza. Na kwa asiyependa kelele kabisa ila ana rafiki anayemsumbua na metali, bado ni Betty, mradi airuke "I Know" siku ya kwanza.

Aliyeisikia Meantime miaka ile na kuona inatosha, huyo ndiye ninayemwandikia hasa. Tayari una nusu ya Hamilton mkononi. Nusu nyingine, ile ya mwanafunzi wa jazi mwenye ucheshi mkavu, iko Betty na haipatikani kwingine, hata kwao wenyewe. Aftertaste ya 1997, iliyotayarishwa na Dave Sardy, ilirudi kwenye ukavu wa zamani. Ina nyimbo kali, lakini inasikika kama bendi inayojaribu kukumbuka ilivyokuwa, na mwaka uliofuata walisambaratika. Hamilton alipoirudisha Helmet 2004 alikuwa na watu wengine. Na bendi hiyo ilipofanya ziara mwaka 2014 ya kupiga albamu nzima, wimbo wa kwanza hadi wa mwisho, kwa kutimiza miaka 20, albamu yenyewe ilikuwa Betty.

Zote mbili zipo kwenye programu za kusikilizia muziki, kwa hiyo unaweza kuamua bila kutoa hela ya ziada. Panga hivi: "In the Meantime", "Unsung", halafu "Wilma's Rainbow", "Biscuits for Smut", "Beautiful Love". Zipige kwa mfuatano huo, kwenye hedifoni, usizikatize. Gitaa safi la "Beautiful Love" likianza na ukahisi mkono unakwenda kuzima, rudi Meantime wala usijilaumu, ni albamu tosha. Lakini zile ngoma zikimwagika na ukajikuta unacheka, iache iendelee. Inayofuata ni "Speechless".